Gari Linapoishiwa Nguvu Mlimani: Tambua Chanzo Kabla ya Kununua Vipuri

Na Mwandishi Wetu, Tanga

Barabara inayochepuka kutoka barabara kuu ya Segera kwenda Moshi pale Mombo, na kupanda kupitia Soni hadi Lushoto, ni mtihani wa kweli kwa gari lolote. Katika umbali wa takriban kilomita 32, gari hutoka kwenye tambarare iliyo chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari na kufika katika mji ulio karibu mita 1,400, likipita kona kali zenye ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Gari ambalo mjini Tanga lilionekana halina kasoro, hapo ndipo hujulikana hali yake. Dereva hukanyaga mafuta hadi mwisho, injini inanguruma, lakini mwendo hauongezeki. Nyuma yake mabasi na malori yanajipanga, na mbele yake kona nyingine inakaribia.

Upungufu wa nguvu ya injini si kero tu ya mwenye gari. Gari lisiloitikia linapotakiwa kulipita lori katika barabara kuu ya Segera, au linalozimika katikati ya mwinuko, linahatarisha maisha ya waliomo na ya watumiaji wengine wa barabara. Ndiyo maana Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka chombo kinachoingia barabarani kiwe katika hali nzuri ya kiufundi.

Tatizo hili lina gharama ya pili isiyozungumzwa sana, nayo ni fedha zinazopotea kwa kubahatisha. Mwenye gari hushauriwa kubadilisha plagi, kisha koili, kisha pampu ya mafuta, na baada ya vipuri vitatu vipya gari bado halipandi mlima. Makala haya yanaeleza njia ya kuepuka hasara hiyo. Msingi wake ni mmoja: kukosa nguvu ni dalili, si ugonjwa. Dalili hiyo hiyo huweza kuletwa na chujio chafu la bei ndogo au na injini iliyochakaa, na kinachotofautisha mambo hayo mawili ni vipimo vinavyofanywa kwa mpangilio, kuanzia kilicho rahisi hadi kilicho ghali.

Je, ni injini kweli?

Hatua ya kwanza haihusu injini hata kidogo. Nguvu inayozalishwa na injini hupita kwenye klachi au gia boksi, ikafika kwenye magurudumu. Ikipotea njiani, dereva atahisi kwamba injini ni dhaifu ilhali inafanya kazi yake vizuri.

Kwa gari la gia za mkono, dalili ya klachi iliyokwisha ni injini kupandisha mizunguko haraka pindi dereva anapokanyaga mafuta mlimani, huku mwendo ukibaki pale pale. Mara nyingine harufu ya kitu kinachoungua husikika. Kwa gari la gia za kujibadilisha zenyewe, dalili kama hiyo huelekeza kwenye mafuta ya gia boksi, ambayo yanaweza kuwa yamepungua au yameungua. Mafuta mazima huwa na rangi angavu, na yaliyoungua huwa meusi na hunuka.

Breki zinazoshika bila kukanyagwa nazo huiba nguvu. Baada ya safari fupi yenye matumizi madogo ya breki, sogeza mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Gurudumu moja likitoa joto kubwa kuliko mengine, breki yake inakokota. Njia nyingine ni kuweka gari kwenye sehemu iliyo sawa, kutoa breki ya mkono, kuweka gia huru na kulisukuma. Gari dogo lisilo na kasoro husogea kwa nguvu ya mtu mmoja au wawili. Matairi yenye upepo mdogo na mzigo uliozidi uwezo wa gari pia huleta hisia ile ile ya injini dhaifu, na kuyasahihisha ni kazi ya dakika chache.

Mlima nao una sehemu yake

Baada ya kuhakikisha kuwa nguvu haipotei njiani, ni vyema kujua kiasi ambacho mlima wenyewe huchukua. Hewa hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu yake kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Gari lenye nguvu farasi 100 kando ya bahari hubaki na takriban 86 au 87 likifika Lushoto. Upungufu huo ni wa kawaida, na hakuna kipuri kitakachouondoa. Injini yenye tabo hupoteza nguvu kidogo kuliko hiyo, kwa sababu tabo husukuma hewa ya ziada ndani ya silinda.

Kwa hiyo dereva anayelalamika kwamba gari lake ni zito kidogo Lushoto kuliko Tanga huenda hana tatizo lolote. Tatizo lipo pale ambapo gari linashindwa kupanda kwa gia ambayo mwezi uliopita ilitosha kwa mzigo ule ule, au pale linapokosa nguvu hata katika barabara tambarare ya Muheza. Kipimo bora ni gari lenyewe lilivyokuwa zamani, wala si gari la jirani.

Mambo matano ambayo injini inahitaji

Injini hutoa nguvu pale mambo matano yanapokamilika: hewa ya kutosha na safi, mafuta ya kiasi sahihi, moto unaowaka kwa wakati wake, mgandamizo mzuri ndani ya silinda, na njia iliyo wazi ya kutolea moshi. Karibu kila hitilafu ya kukosa nguvu ni upungufu wa mojawapo ya hayo. Fundi anayeyafuata moja baada ya jingine hapotei njia.

Hewa ndiyo ya kuanza nayo kwa sababu ukaguzi wake hauna gharama. Chujio la hewa, ambalo gereji nyingi huliita eya klina, hutolewa kwa kufungua klipu chache. Likinyanyuliwa kuelekea mwanga wa jua na mwanga usipite, limeziba. Katika ukanda huu chujio huchafuka mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema, hasa kwa magari yanayopita barabara za vumbi za mashamba ya mkonge, njia ya kutoka Muheza kwenda Amani, au maeneo yenye vumbi la mawe ya chokaa kama Pongwe. Anayepita huko kila siku akague chujio kila mwezi, asisubiri muda wa huduma.

Baada ya chujio hufuata bomba la mpira linalopeleka hewa kwenye injini. Mpira ukipasuka, hewa huingia bila kupimwa na sensa ya hewa, na kompyuta ya gari hukosea kiasi cha mafuta. Sensa hiyo yenyewe huchafuka pia. Husafishwa kwa dawa maalumu ya kupuliza, kamwe si kwa kitambaa wala kwa petroli, kwa kuwa waya wake ni mwembamba mno. Kwa injini yenye tabo, bomba lililochomoka au kupasuka baada ya tabo husikika kama mfoko wa upepo kila dereva anapoongeza mafuta, na moshi mweusi huongezeka.

Mafuta: kiasi na ubora

Gari lenye tatizo la mafuta mara nyingi huwa na tabia inayojitambulisha. Likisimama linanguruma vizuri, mjini linatembea, lakini kwenye mlima mrefu nguvu hupungua polepole kana kwamba kuna mtu anayefunga bomba. Dereva akisimama dakika chache, nguvu hurudi, kisha hupotea tena. Sababu ni kwamba mafuta yanayopita kwenye chujio lililoziba au pampu iliyochoka yanatosha injini isiyo na kazi, lakini hayatoshi injini inayobeba mzigo.

Kipimo chake ni geji ya shinikizo la mafuta. Kwa magari mengi ya petroli yenye injekta zinazopuliza kwenye njia ya hewa, shinikizo huwa kati ya baa 3 na 4, na thamani kamili ipo katika kitabu cha ufundi cha gari husika. Jambo la muhimu ni kupima injini ikiwa na mzigo, si ikiwa imesimama tu. Shinikizo likishuka, fundi abadilishe kwanza chujio na kupima umeme unaofika kwenye pampu. Pampu nyingi nzima zimetupwa kwa sababu ya waya wenye kutu uliokuwa ukiipunguzia umeme.

Kwa dizeli, adui mkubwa wa pwani ni maji. Tenki linaloachwa nusu tupu hujaa hewa yenye unyevu. Usiku hewa hiyo ikipoa hutoa matone ya maji, nayo hutulia chini ya tenki. Magari mengi ya dizeli yana kikombe cha kutenganisha maji chini ya chujio, chenye kifungulio cha kuyamwaga. Kazi hiyo ya dakika tano ikisahaulika kwa miezi, maji hufika kwenye pampu na nozo, ambazo matengenezo yake ni miongoni mwa yaliyo ghali kuliko yote katika gari la dizeli.

Mwananchi anayeshuku mafuta aliyonunua anaweza kuchukua kiasi kidogo katika chupa safi ya kioo na kuiacha itulie, mbali na moto, sigara na watoto. Maji ni mazito kuliko petroli na dizeli, hivyo yakiwemo yatajitenga chini na mstari utaonekana. Mafuta ya taa yaliyochanganywa hayaonekani kwa njia hiyo. Dalili zake kwenye injini ya petroli ni mlio wa kugonga wakati wa kupanda mlima, moshi na plagi zinazoota masizi. Kwa dizeli, mafuta ya taa hupunguza ulainishaji na kuchakaza pampu.

Uchakachuaji huo una historia nchini. Mafuta ya taa yalipokuwa nafuu sana kuliko dizeli, yalikuwa kishawishi kwa wafanyabiashara wasio waaminifu. Mwaka 2010, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilianzisha programu ya kuweka vinasaba katika mafuta, ili mkaguzi aweze kubaini kwa kifaa maalumu mafuta yaliyochanganywa au yaliyokwepa kodi. Mwaka 2011, Serikali iliongeza ushuru wa mafuta ya taa ili kuziba pengo la bei lililokuwa likichochea vitendo hivyo. Vinasaba havionekani kwa macho, kwa hiyo rangi au harufu pekee si ushahidi wa kumtuhumu mwenye kituo.

Ulinzi wa kwanza wa mnunuzi ni risiti ya kielektroniki. Inaonyesha kituo, tarehe, aina ya mafuta na kiasi. Bila risiti, malalamiko yoyote hukosa mguu wa kusimamia. Bandari ya Tanga ni mojawapo ya milango ya kuingizia mafuta nchini, na bei kikomo zinazotangazwa na EWURA kila mwezi hutaja bei za mafuta yanayopokelewa hapo. Hivyo mkazi wa mkoa huu anaweza kulinganisha kirahisi bei aliyotozwa na ile iliyotangazwa.

Moto na umeme katika hewa ya chumvi

Injini ya petroli inapokosa moto katika silinda moja, gari hutetemeka na, kwa lugha ya mafundi, linamisi. Injini ya silinda nne iliyopoteza silinda moja haiwezi kupanda Soni kwa heshima. Plagi zilizochakaa na koili dhaifu ndizo washukiwa wa kwanza, na zina tabia ya kuonyesha udhaifu injini inapobeba mzigo mkubwa.

Kuna kipimo kisichohitaji fedha. Fundi huhamisha koili ya silinda inayomisi na kuiweka kwenye silinda nyingine. Tatizo likihama pamoja na koili, koili ndiyo mbovu. Likibaki palepale, koili ni nzima na uchunguzi uendelee kwa plagi, injekta na mgandamizo wa silinda hiyo. Kwa jaribio hilo la dakika kumi, mwenye gari huepuka kununua koili nne kwa ajili ya hitilafu ya plagi moja.

Ukanda wa pwani una tatizo lake la ziada. Hewa ya bahari hubeba chumvi, na chumvi hula viungio vya umeme. Gari linaloegeshwa karibu na ufukwe, iwe Raskazone au Pangani, huota kutu nyeupe au ya kijani kwenye vichwa vya betri, nyaya za kuunganisha injini na bodi, na soketi za sensa. Kiungio chenye kutu hupitisha umeme kwa shida, na sensa hutoa taarifa za uongo. Betri nzima iliyotulia husoma takriban volti 12.6, na injini ikiwaka kipimo huwa kati ya volti 13.5 na 14.7 kwa magari mengi. Gari linalokosa nguvu baada ya mvua za masika au za vuli na kupona jua likichomoza, lichunguzwe kwanza katika koili na soketi zake, kwa kuwa unyevu ndio unaoonekana kuleta tatizo.

Kompyuta ya gari: ushahidi, si hukumu

Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, kompyuta ya gari imehifadhi namba ya hitilafu. Wakati mwingine kompyuta hiyo hupunguza nguvu kwa makusudi ili kuilinda injini, na dereva hujikuta hawezi kuvuka mwendo fulani hata akikanyaga vipi. Kusoma namba hizo kwa mashine ni hatua muhimu, ila zinapaswa kueleweka vizuri.

Namba P0171, kwa mfano, humaanisha kuwa mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Haimaanishi kwamba sensa fulani imekufa. Chanzo kinaweza kuwa bomba la hewa lililopasuka, sensa ya hewa iliyochafuka, chujio la mafuta lililoziba au pampu dhaifu. Namba P0300 huonyesha kuwa injini inamisi katika silinda zaidi ya moja, P0087 kuwa shinikizo la mafuta liko chini, P0299 kuwa tabo haitoi msukumo unaotakiwa, na P0420 kuwa kisafisha moshi hakifanyi kazi ipasavyo. Kila moja huonyesha mlango wa kubisha, lakini haitaji aliyemo ndani. Fundi anayesoma namba na papo hapo kuandika orodha ya vipuri bila kupima chochote ameacha nusu ya kazi yake.

Ni vyema pia kujua kuwa baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani katika miaka ya 1990 hayasomeki kwa vifaa vidogo vya bei nafuu, hata kama soketi inaingia. Mashine isiposoma, hiyo si dalili kwamba kompyuta ya gari ni mbovu.

Moshi hauna njia

Injini isiyoweza kutoa moshi haiwezi kuvuta hewa mpya. Kisafisha moshi, ambacho mitaani hujulikana kwa jina la masega, kikiziba au kikivunjika ndani, gari huwaka vizuri lakini hukataa kuongeza mwendo, na joto kali husikika chini ya sakafu. Fundi hupima kwa geji inayofungwa mahali pa sensa ya moshi. Katika mizunguko 2,500 kwa dakika, shinikizo linalozidi takriban baa 0.2 ni ishara ya kuziba.

Hapa panahitajika tahadhari. Mara nyingi masega huziba kwa sababu injini imemisi kwa muda mrefu na petroli isiyoungua imeyachoma, au kwa sababu injini inakula oili. Kuyabadilisha bila kuondoa chanzo ni kuyaandaa mapya kwa hatima ile ile. Kuyatoa kabisa nako si tiba, kwani gari huchafua hewa zaidi na mwenye gari hupoteza kipuri chenye thamani kubwa.

Rangi ya moshi husaidia katika hatua hii. Moshi mweusi ni dalili ya mafuta mengi au hewa kidogo. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu, unaoendelea hata injini ikishapata joto, huashiria kuwa maji ya redieta yanaingia kwenye silinda, na gari hilo halipaswi kuendelea na safari.

Mgandamizo ni wa mwisho

Pale hewa, mafuta, moto na njia ya moshi vinapothibitika kuwa vizuri, ndipo lipimwe tumbo la injini. Geji ya mgandamizo hufungwa mahali pa plagi na injini kuzungushwa kwa stata. Injini nyingi za petroli zilizo nzima husoma kati ya baa 10 na 13, na za dizeli husoma juu zaidi, baa 20 na kuendelea. Tofauti kati ya silinda na silinda ni muhimu kuliko namba yenyewe: isizidi takriban asilimia 15.

Silinda moja ikisoma chini, fundi huweka oili kiasi cha kijiko na kupima tena. Mgandamizo ukipanda, ringi za pistoni zimechakaa. Usipopanda, tatizo lipo kwenye vali au gasketi ya silinda hedi. Silinda zote zikisoma chini kwa usawa, ni busara kukagua kwanza kama mkanda au cheni ya taimingi imeruka meno kabla ya kutamka kwamba injini imekufa. Uamuzi wa kufungua injini au kuibadilisha ufanyike baada ya kipimo hiki, na namba zake ziandikwe kwenye karatasi atakayobaki nayo mwenye gari.

Nguvu ikipotea ukiwa mlimani

Dereva aliyekwisha kuanza kupanda na kuhisi nguvu inaisha azime kiyoyozi, arudi gia ya chini mapema na atazame geji ya joto. Joto likipanda, atafute sehemu pana iliyo salama, asimame kando, aweke vibao vya pembetatu vyenye kuakisi mwanga na jiwe nyuma ya gurudumu. Kifuniko cha redieta kisifunguliwe injini ikiwa ya moto, kwa kuwa maji yaliyo chini ya shinikizo huunguza vibaya.

Injini ikizimika kwenye mteremko, msaada wa breki hubaki kwa mikanyago michache tu, kisha pedeli huwa ngumu, na usukani nao huwa mzito. Kanyaga breki mara moja kwa nguvu na uishikilie, usipige mikanyago ya kujaribu. Anayeshuka kutoka Lushoto kwenda Mombo asizime injini kwa nia ya kuokoa mafuta. Atumie gia ndogo ili injini isaidie kupunguza mwendo na breki zisiungue.

Wajibu na haki ya mwenye gari

Uchunguzi sahihi unahitaji fundi mwenye ujuzi na mteja anayeuliza. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) hufundisha ufundi wa magari, ikiwemo katika chuo chake cha Tanga, na ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi walioupata kazini bila kupitia darasani. Fundi wa gereji ya mtaani mwenye miaka mingi ya kazi anaweza kupimwa na kutambuliwa rasmi, na mteja ana kila sababu ya kuuliza kuhusu sifa hizo.

Kabla ya kazi kuanza, mteja aombe mambo matatu: maelezo ya kipimo kilichofanyika na namba zake, makadirio ya gharama kwa maandishi, na kurejeshewa kipuri cha zamani. Anayenunua chujio, plagi au pampu ajihadhari na bidhaa bandia, kwani chujio bandia huweza kurudisha tatizo lile lile ndani ya wiki chache. Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo yenye jukumu la kudhibiti bidhaa bandia kwa mujibu wa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na mnunuzi mwenye risiti anaweza kuwasilisha taarifa.

Kwa malalamiko ya mafuta, mwananchi aanze kwa mtoa huduma mwenyewe akiwa na risiti. Asiporidhika, apeleke malalamiko EWURA, au aombe msaada wa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji. Sampuli ya mafuta, picha ya risiti na taarifa ya fundi vikiwa pamoja huyapa malalamiko uzito ambao maneno matupu hayana.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa gari msemo huo una bei yake. Chujio lililopuuzwa huichosha pampu, silinda inayomisi huunguza masega, na maji yasiyomwagwa huua nozo. Mwenye gari anayetarajia kupanda Usambara wiki ijayo anaweza kuanza leo na mambo manne yasiyomgharimu chochote: atazame chujio la hewa, amwage maji kwenye chujio la dizeli kama gari lake ni la dizeli, asafishe vichwa vya betri, na apime upepo wa matairi. Gari likiwa bado zito baada ya hapo, aende kwa fundi na aanze kwa kuuliza swali moja: umepima nini?